Usimponde Kabla Hujamtazama

Katika mitaa ya Jangwani, jijini Dar es Salaam, pale Kariakoo inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, mdudu asiyejulikana akionekana ukutani au kwenye godoro haishi dakika nyingi. Atapigwa kandambili au atapuliziwa dawa ya kopo, na mabaki yake yatafagiliwa pamoja na takataka za siku. Akirudi na wenzake, atasubiriwa mchuuzi anayepita mtaani na kipaza sauti, sauti iliyorekodiwa ikitaja kunguni, mende, chawa, viroboto na panya kwa pumzi moja, na chupa ileile ikiuzwa kwa wote. Namwelewa mzazi anayefanya hivyo, kwa kuwa anamlinda mtoto aliyelala. Lakini nikiyapima yale ambayo nchi hii imepitia kwa wadudu wageni katika muda wa zaidi ya karne moja, naona kwamba tendo hilo la haraka linatupotezea kitu ambacho maabara haiwezi kukirudisha. Mtu wa kwanza kumwona mdudu nyumbani ana nusu ya maarifa yanayohitajika kumtambua. Anajua alikuwa wapi, saa ngapi, juu ya nini, akifanya nini, na kama jirani naye amemwona. Mtaalamu mwenye hadubini ana nusu iliyobaki, na hawezi kwenda mbali nayo ikiwa ile ya kwanza imeshafagiliwa nje.

Ushahidi mzito kuliko wote wa jambo hili uko Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Urambo walikuwa wameshaona kwenye mahindi yao mdudu ambaye hakuwa fukusi waliyemzoea. Fukusi ana mdomo mrefu uliochomoza mbele ya kichwa. Huyu mwingine alikuwa na mwili wa mviringo mrefu, kichwa kimeinamia chini kiasi cha kutoonekana ukimtazama kutoka juu, na sehemu ya nyuma iliyokatika ghafla. Urefu wake haukufika nusu sentimita. Alitoboa mahindi mpaka yakabaki vumbi, akatoboa makopa ya muhogo, akatoboa hata miti ya ghala lenyewe. Wakulima wakampa jina la lori, Scania, bila kumsubiri mwanasayansi. Mwaka 1981 alitambuliwa kuwa Prostephanus truncatus, mbawakawa wa Meksiko na Amerika ya Kati aliyekuwa ameingia Afrika ndani ya nafaka. Leo maofisa ugani humwita dumuzi. Vipimo vilivyofanywa Tabora katika miaka hiyo vilionyesha kwamba, baada ya miezi michache ya kuhifadhi, baadhi ya maghala yalikuwa yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi, na hasara ya wastani ilikuwa karibu asilimia 9. Kwa familia inayokula kutoka ghalani mpaka mavuno yanayofuata, hiyo ni njaa ya majuma kadhaa.

Lakini hasara hiyo hainishiki kama kile kilichobadilika baada ya mdudu kujulikana. Pirimifosi-methili, dawa iliyokuwa ikimmaliza fukusi vizuri, ilikuwa dhaifu kwa dumuzi. Permethrini ilikuwa kinyume chake, ikimuua dumuzi na kumwacha fukusi akiendelea. Ndiyo maana ukatengenezwa unga wenye dawa zote mbili, Actellic Super, ambao wakulima wengi wanaujua mpaka leo. Tena jawabu halikuishia kwenye dawa. Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zilizokaa imara humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Kwa hiyo wakulima walishauriwa wapukuchue kwanza, wachanganye na unga, ndipo waweke ghalani, na desturi ya vizazi ya kuhifadhi mahindi na maganda yake ikabidi iachwe. Baadaye wataalamu walimfuata huko kwao, wakamkuta adui yake wa asili, mbawakawa mwingine anayemla, wakamleta. Kenya walimwachia mwaka 1992. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo ambayo ingewezekana kama wakulima wa Urambo wangeendelea kuamini kwamba wanaona fukusi aliyekasirika. Walipambanua kwa macho kwamba huyu si yule, na sayansi ikaanzia hapo.

Mwenye chumba Jangwani anaweza kunijibu kwamba yeye hana ghala, na kwamba dawa kali inaua kila kiumbe, sasa jina la nini? Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu lina ukweli wa nusu: dawa huua mdudu inayemgusa. Swali ni kama anayeguswa ndiye chanzo. Katika mabafu ya maghorofa ya Kariakoo huonekana vidudu vidogo vyenye manyoya, mabawa yamelazwa mfano wa kipepeo wa usiku, vimetulia kwenye vigae. Haviumi. Mabuu yake huishi kwenye utando wa uchafu ulioganda ndani ya bomba la maji machafu, na kila jioni bomba hutoa wapya. Unaweza kuvipulizia mwezi mzima na kumvutisha mtoto sumu mwezi mzima, wakati brashi na maji ya moto kwenye tundu la bomba vingemaliza kazi. Kwa kunguni hali ni nzito zaidi. Kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pareto, zilezile zinazojaza makopo ya dukani. Wasiokufa hujificha kwenye nyufa za ukuta na viungo vya kitanda, na katika nyumba ya vyumba sita yenye familia sita, ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenzake. Joto ndilo linalowaua pamoja na mayai yao, kwa maji yanayochemka yanayomiminwa kwenye chaga, au pasi ya moto inayopitishwa kwenye mishono. Lakini nani atachemsha maji kama hajui kwamba ni kunguni, na anadhani ni mbu waliompa mwanawe madoa mekundu?

Yupo pia mdudu ambaye kumponda ndiko kunakoleta madhara. Ni mbawakawa mwembamba, urefu wake ni kama sentimita moja au chini yake, kichwa cheusi, kifua chekundu cha rangi ya machungwa, mabawa mafupi ya buluu au kijani yasiyofunika tumbo, na tumbo jekundu lenye ncha nyeusi ambalo hulikunja juu anapokimbia. Kenya wanamwita Nairobi fly, ingawa si nzi. Haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya damu yake, na wanasayansi wamegundua kwamba hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Ukimponda shingoni usiku husikii kitu. Siku ya pili au ya tatu ngozi inawaka, inatoa malengelenge, na ukishika jicho kwa mkono uleule jicho nalo linavimba. Wengine hudhani ni mkanda wa jeshi, wengine wanadhani wamemwagiwa kitu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimleta kwa wingi mjini Nairobi. Anapenda majani yenye unyevu na huvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo nyumba zilizo kwenye ukingo wa bonde lenye magugu, taa zikiwaka na madirisha wazi kwa ajili ya joto, ndizo hasa anazozitembelea mvua zikikolea. Anayemjua humpuliza kwa pumzi yake aende zake, kisha huosha ngozi kwa sabuni. Asiyemjua humpiga kofi.

Hata hivyo, mdudu ambaye Jangwani ingepaswa kumjua kwa sura kuliko wote ni yule ambaye inadhani inamjua tayari. Tunasema mbu, tunafunga mjadala. Lakini chumba kimoja cha bondeni kinaweza kuwa na mbu wa aina tatu wanaotaka mambo matatu tofauti. Yule wa kahawia anayelia sikioni usiku ni Culex, mwana wa vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba, na katika pwani yetu ndiye aliyeeneza matende na mabusha. Mweusi mwenye vipande vyeupe miguuni, anayeuma asubuhi na alasiri watu wakiwa macho, ni Aedes aegypti, anayezaliana kwenye ndoo, pipa, tairi na kifuniko cha chupa chenye maji ya mvua. Anofelesi, mbeba malaria, hutua akiwa ameinua makalio juu, mwili umelala mshazari, na katika Dar es Salaam hupenda madimbwi yenye jua, pamoja na maji yanayosimama kati ya matuta ya mboga za bondeni. Chandarua kinamzuia wa kwanza na wa tatu. Wa pili anakuuma umeketi kibarazani unachambua mchele.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, inaonyesha kilichowezekana mara tu swali lilipoulizwa kwa usahihi. Mwaka 1988 watafiti na maofisa wa afya walimwaga chembechembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo na makaro ya mji huo. Chembe hizo zilielea, zikafunika uso wa maji, mabuu wakakosa hewa na mbu jike akakosa mahali pa kutagia. Watu walipewa pia dawa ya kuua minyoo ya matende. Mbu walipungua kwa takriban asilimia 98, na watu waliokuwa na vimelea vya matende katika damu wakashuka kutoka karibu nusu hadi mmoja kati ya kumi. Ni jambo rahisi la kustaajabisha, na lilifanikiwa kwa sababu lilimlenga mbu mmoja aliyejulikana kwa jina na makazi. Kwa Aedes chembe hizo zisingesaidia chochote, kwa kuwa yeye hakai chooni. Tunaliona hilo tukienda bara, kwenye uwanda wa Makonde. Homa ya viungo iliyoikumba Newala mwaka 1952 na 1953, ambayo dunia nzima sasa inaiita chikungunya, ilitokea mahali ambapo maji yalichotwa mbali na kuhifadhiwa mitungini ndani ya nyumba. Watafiti waliokwenda kuichunguza walimkuta Aedes aegypti humohumo, akizaliana kwenye maji ya kunywa, na kirusi kikapatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Dar es Salaam ilipokumbwa na dengi mwaka 2014, kisha tena mwaka 2019 ilipogusa maelfu ya watu, hali ya maji ilikuwa ileile ya Newala, ila mtungi umebadilika kuwa dumu, ndoo na simtanki. Mji uliofundishwa kwa miaka mingi kwamba mbu ni wa usiku haukuwa na macho ya kumwangalia wa mchana.

Hapa hujitokeza pingamizi la pili, nalo lina heshima yake: kutambua wadudu ni taaluma ya watu waliosoma, na raia atakosea. Ni kweli atakosea. Wasomi nao hukosea. Mwaka 2003 nzi wa matunda asiyejulikana alionekana pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akapatikana Tanzania, akiharibu maembe yanayoletwa masokoni. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa spishi mpya, wakampa jina Bactrocera invadens. Miaka kumi baadaye, baada ya kulinganisha maumbile, vinasaba na uwezo wa kuzaliana, ilikubaliwa kwamba si spishi mpya hata kidogo. Ni Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyejulikana tangu zamani. Sioni aibu katika hilo. Naona jinsi utambuzi unavyofanya kazi: jina la kwanza ni dai, na dai hupimwa kwa vielelezo vilivyohifadhiwa. Kosa linaweza kusahihishwa maadamu mdudu bado yupo kwenye chupa na imeandikwa aliokotwa wapi na lini. Anayekosea jina lakini akatunza mdudu hajapoteza kitu, na aliyempatia jina sahihi akamponda ametuachia neno lake tu.

Tena uzoefu wa jiji letu unaonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza zaidi ya tunavyowadhania. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15. Wakazi wa mitaa yenyewe ndio waliopewa kazi ya kuzunguka kila wiki, kuchota maji ya madimbwi na mitaro, na kupambanua kwa macho mabuu ya Anofelesi na mabuu ya mbu wengine. Mwaka 2006 kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni zikaanza kuwekewa dawa ya bakteria inayoua mabuu hao, na maambukizi ya malaria yakapungua. Ukaguzi wa kitaalamu uliofuata ulionyesha pia udhaifu: wakaguzi walikosa sehemu nyingi, na sababu mojawapo ilikuwa nyua zilizozungushiwa kuta na mageti yaliyofungwa. Wengine husoma matokeo hayo na kusema raia hawafai. Mimi nayasoma kinyume. Yanaonyesha kwamba macho ya mtumishi wa mpango huishia getini, na baada ya hapo macho pekee yaliyopo ni ya mwenye nyumba.

Mtu asidhani wazo hili, kwamba mwenye nyumba anaweza kumtambua mdudu, ni geni. Mtafiti Mjerumani Robert Koch alipokuja Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905 kuchunguza homa iliyowaangusha wasafiri wa misafara, alimkuta mkosaji, papasi, kwenye udongo mkavu wa sakafu za vibanda ambamo watu walilala njiani. Mwaka mmoja kabla, madaktari Ross na Milne wakiwa Uganda walikuwa wameonyesha uhusiano wa papasi na homa hiyo. Na Dutton, mtafiti mwingine aliyekuwa akiichunguza huko Kongo pamoja na mwenzake Todd, alikufa kwayo mwaka 1905. Lakini wakazi wa maeneo hayo walikuwa wakimwogopa papasi kabla ya hadubini yoyote kufika. Mmisionari Livingstone aliandika habari za maumivu na homa ya kuumwa naye katika kitabu chake cha mwaka 1857. Papasi si mdudu kwa hesabu ya wasomi, kwa sababu ana miguu minane na ni ndugu wa kupe. Kunguni ana sita. Wote wawili hunyonya damu usiku na kurudi nyufani kabla hakujapambazuka, ila kunguni hajathibitika kuwaambukiza watu ugonjwa, na papasi anaweza kumuua mjamzito na mtoto mchanga. Kuhesabu miguu ni kazi ya nusu dakika, na tochi ya simu inatosha.

Kinachozuia hesabu hiyo mara nyingi si ujinga. Ni haya. Kunguni amefanywa kuwa cheti cha uchafu, na mama mwenye nyumba safi kabisa atamficha kunguni kuliko anavyoficha deni. Anayesafiri kwa basi, anayenunua mitumba, anayeleta kochi lililokwisha tumika, anayempokea mgeni kutoka mkoani, wote wanaweza kumleta, na usafi wa sakafu hauna sauti katika jambo hilo kwa kuwa kunguni anatafuta damu na ufa, hatafuti takataka. Haya hii inawagharimu wapangaji wote. Kila chumba kinapulizia kivyake, kwa siku yake, kwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, na hakuna anayejua ndani mna nini wala kiasi gani ni salama kwa mtoto anayetambaa. Laiti mpangaji wa kwanza angethubutu kumwonyesha jirani yake mdudu aliyenaswa kwenye selotepu, nyumba nzima ingefanya kazi siku moja, na ingetumia sumu kidogo zaidi. Naamini hili kwa dhati, kwamba katika nyumba za kupanga mdudu anayefichwa hudumu kuliko mdudu anayeonyeshwa.

Jangwani na Kariakoo zina sababu ya pekee ya kuwa macho. Wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro hununua hapa; shehena za Asia na magunia ya mikoani hufunguliwa hapa. Wadudu hufuata njia hizohizo. Funza wa miguuni, aliye mkaaji wa Amerika ya Kusini, aliingia Angola kwa meli mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Waliokuwa wameshamjua walimtoa kwa ncha ya sindano siku za mwanzo. Pale alipokuwa bado hajajulikana, watu walipoteza vidole. Mbu Aedes albopictus alivuka bahari ndani ya matairi makuukuu, na mwaka 1985 akakutwa amejikita Houston, Marekani. Kantangaze, nondo mdogo wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014, na matenga ya nyanya yaliyotobolewa yakafika masokoni bila kungoja tangazo. Na chini ya soko kuna bonde lenye mafuriko. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengi kwenda Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na kila masika maji yanapopanda hubeba matope, taka na viumbe mpaka vizingitini.

Ninayemhofia zaidi sasa ni Anopheles stephensi. Ni mbeba malaria wa Asia ya Kusini na nchi za Ghuba, na tofauti na Anofelesi wetu, yeye hupenda mji: hutaga kwenye matangi, mapipa na visima vya majengo. Alionekana Jibuti mwaka 2012, mwaka ambao nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 iliripoti zaidi ya 73,000. Ethiopia alipatikana mwaka 2016, kisha Sudan na Somalia, na mwanzoni mwa mwaka 2023 Kenya ikatangaza kumkuta Marsabit. Kumpambanua na ndugu zake akiwa mzima kunahitaji mtaalamu, na mara nyingi kipimo cha vinasaba. Lakini iko dalili moja ambayo mtu yeyote anayechota maji anaweza kuiona. Mabuu wa Culex na wa Aedes huning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija uliogusa uso wa maji. Mabuu wa Anofelesi hawana mrija huo, na hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Funua simtanki mchana, subiri maji yatulie, washa tochi. Ukiwakuta wanaoning'inia, una kazi ya kusugua kuta za tangi na kulifunika vizuri kwa ajili ya dengi. Ukiwakuta wamelala bapa ndani ya tangi la maji safi, katikati ya mji, usiyamwage maji kabla hujawachota wachache wa kutambuliwa. Huko Ethiopia mabuu wa stephensi wamekutwa katika matangi yaleyale ya Aedes, kwa hiyo tazama zaidi ya mmoja.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, na siwezi kulijibu kwa maneno matupu: ampeleke wapi? Mwenye chumba ameshamnasa mdudu kwenye selotepu juu ya karatasi nyeupe, au amemtia kwenye kichupa cha dawa chenye spiriti, ameandika mtaa, tarehe, saa na mahali alipomkuta, na picha ameipiga kwa simu karibu na sarafu ili ukubwa uonekane. Wataalamu wapo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chenye watu wanaosomea wadudu wa magonjwa, ni mwendo wa miguu kutoka Jangwani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Taasisi ya Afya Ifakara zina wataalamu wa mbu wanaoheshimika duniani, na kwa wadudu wa mazao na nafaka iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kinachokosekana ni kiungo kati ya chumba cha kupanga na milango hiyo. Mama muuza maharage hawezi kufunga genge lake aende kuuliza getini kwa nani apeleke kichupa. Afisa afya wa kata yupo, na kazi hii inamfaa, mradi apewe sanduku la vichupa, lebo, na siku moja ya wiki ya kupeleka alivyokusanya, kisha majibu yarudi kwa aliyeleta na yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na limejengwa upya. Ndani yake au jirani na maduka ya pembejeo ingetosha meza moja yenye hadubini ndogo na kijana mmoja aliyesomea wadudu, awe hapo asubuhi za siku za kazi, apokee vya ghalani, vya kitandani na vya tangini bila kumuuliza mtu kama nyumba yake ni safi. Gharama yake ya mwaka ni ndogo ukiilinganisha na fedha ambazo mitaa hii hutumia kununua dawa isiyo na lebo, na kijana huyo angekuwa wa kwanza kujua siku ambayo kichupa kutoka bondeni kimebeba kitu ambacho Dar es Salaam haijawahi kukiona.